Nyama ya kipande kizima kwenye chungu cha umeme: kwa nini ilikuwa ngumu, kisha ikawa kavu

*"Shikamoo mwalimu. Naishi Dallas na mume wangu na watoto wawili. Wenzangu kazini wanapika ile nyama ya kipande kizima wanayoiita pot roast, inaiva mpaka inaachana kwa uma. Nikanunua slow cooker, chungu cha umeme cha kupika polepole, nikanunua na nyama nzuri kabisa, haina hata alama ya mafuta, kibandiko kimeandikwa eye of round, ratili 3. Ilikuwa imeganda, nikaiweka hivyo hivyo. Nikajaza maji mpaka yakaifunika, viazi na karoti nikavitia juu, nikawasha High. Kila nusu saa nafunua kuangalia. Baada ya saa 5 kisu hakipiti. Nikaongeza maji na saa 4 nyingine. Ikachambuka, lakini kavu, haina ladha, na viazi bado vina kiini. Mume wangu anasema nyama ya Marekani ndiyo mbaya. Dada yangu wa Tanga anasema nipake papai bichi. Mama mkwe anakuja mwezi ujao, meno yake hayana nguvu tena, nataka nimpikie hii. Kazini naondoka saa 11 na nusu alfajiri, narudi saa 10 jioni. Je, chungu ni kibovu? Na maharage mekundu naweza kupikia humo humo?"*

Marahaba mwanangu. Pole kwa nyama, na pole kwa siku nzima iliyopotelea kwenye kufunua mfuniko. Umeeleza kila kitu kwa mpangilio, na ndani ya maelezo yako umelitaja jibu bila kulitambua: saa ya 5 nyama ilikuwa ngumu, saa ya 9 ikawa kavu. Hayo ni matatizo mawili tofauti. Ugumu unaondolewa na muda. Ukavu hauondolewi na muda, wala hauondolewi na maji ya kuongeza. Kipande ulichochagua ni kile ambacho kikishavuka ugumu kinaangukia moja kwa moja kwenye ukavu, hakina kituo cha katikati. Kwa hiyo kabla hatujamlaumu chungu, mume au ng'ombe wa Texas, tuzungumze kuhusu kilichomo ndani ya nyama.

Nyama ni nyuzi za msuli zilizofungwa matita, na kinachoyafunga matita hayo ni utando wa protini uitwao kolajeni. Joto linapopanda, nyuzi zinaanza kujikaza kwenye digrii 50 hivi za Selsiasi. Kati ya digrii 60 na 65 kolajeni nayo inasinyaa, inazibana nyuzi pande zote, na maji yaliyokuwa ndani yanakamuliwa nje kama tui kwenye kifumbu. Ukipita digrii 70, nyuzi zimeshatoa karibu kila kilichokuwa cha kutoa. Hatua hiyo haina njia ya mkato, kila nyama inayopikwa muda mrefu inaipitia, na ukiionja hapo utaapa kwamba imekushinda.

Sasa inakuja zamu ya kolajeni. Ikikaa kwenye digrii 70 na zaidi, huanza kuyeyuka polepole na kugeuka jelatini, na kuanzia digrii 80 kazi hiyo inakwenda kwa kasi zaidi. Jelatini unaijua: ndiyo inayogandisha supu ya kongoro ikipoa. Inapoyeyuka mambo mawili yanatokea. Matita yanafunguka, ndiyo maana uma unapita. Pia jelatini, pamoja na mafuta yaliyoyeyuka, inazipaka nyuzi zilizokauka, na ulimi unasema hii nyama ina majimaji. Kwa kweli maji yake mengi yako kwenye mchuzi. Unachokisikia mdomoni ni jelatini na mafuta.

Rudi sasa kwenye kipande chako. Eye of round ni msuli wa paja la nyuma, hauna mafuta ndani na kolajeni yake ni kidogo. Umeukamua kama wengine wote, lakini haukuwa na kitu cha kurudisha. Yalibaki machicha. Kipande hicho kinafaa kuokwa haraka, kitolewe katikati kikiwa bado chekundu, kikatwe vipande vyembamba kama karatasi. Najua wengi wetu tumezoea kuona nyama isiyo na mafuta ndiyo ya heshima, na bei inatuthibitishia. Kwenye chungu hiki heshima hiyo haina kazi.

Unachotaka ni nyama ya msuli uliofanya kazi: bega, shingo, kidari, muundi, mbavu. Dallas tafuta kibandiko kinachosema chuck roast. Ni bega, na ndilo ninalokushauri kwa mara ya kwanza kwa sababu lina mistari ya mafuta katikati na utando wa kutosha. Brisket ni kidari, ni kitamu ila kinataka saa zaidi. Muundi wenye mfupa, shank, unatoa mchuzi mzito kuliko vyote, ingawa hautakupa kile kipande kizima cha kuweka katikati ya meza. Ukisimama mbele ya friji ya duka, geuza pakiti uangalie: mafuta meupe yametawanyika ndani ya nyama, au yamekaa ukingoni tu? Yaliyo ukingoni hayasaidii sana. Chukua iliyotawanyika.

Kuhusu dai la mume wako, si baya kabisa, kuna kitu amekiona. Ng'ombe wengi wa nyama Marekani huchinjwa kabla hawajatimiza miaka miwili, na miezi yao ya mwisho wamelishwa nafaka. Zebu wa kwetu, yule ng'ombe wa nundu, anayefika mnadani mara nyingi ni mkubwa zaidi kwa umri, na amekula majani na kutembea maisha yake yote. Mnyama akizeeka, kolajeni yake inajifunga kwa vifungo vingi zaidi na inachelewa kuyeyuka, ndiyo maana nyumbani tunachemsha nyama kwanza, ilainike, ndipo tuunge. Mkono wako umezoea nyama ile. Ya huko inalainika mapema, na ikiwa haina mafuta inaharibika mapema pia.

Maji ndiyo yaliyoiba ladha. Chungu cha umeme hakipotezi mvuke kama sufuria ya jikoni: mvuke unapanda, unagonga mfuniko, unarudi chini. Bega la ratili 3 litatoa lenyewe mchuzi wa kutosha, kwani nyama ikiiva hivi inapoteza hata robo au theluthi ya uzito wake. Kikombe kimoja cha maji au supu kinatosha. Kwako ladha ilitoka kwenye nyama ikaogelea kwenye lita kadhaa za maji, ukabaki na nyama isiyo na kitu na maji yasiyo na kitu.

Kufunua kila nusu saa nako kuna gharama. Kila ukifunua, joto lililokusanyika chini ya mfuniko linatoka, na kipashio cha chungu ni dhaifu, kinachukua dakika 15 hadi 20 au zaidi kulirudisha. Ukifanya hivyo mara kumi umejiongezea saa kadhaa. Mfuniko ni wa kioo, angalia kwa macho.

Halafu hizi alama za Low na High. Watu wengi wanaamini Low ni joto dogo la kubembeleza na High ni la kuchemka. Katika vyungu vingi hivi, zote mbili mwishoni zinafika karibu na kuchemka, tofauti ni muda wa kufika: High kama saa 3 au 4, Low saa 7 au 8. Low inafaa nyama hii kwa sababu kipande kinapita polepole kwenye joto la kuyeyusha kolajeni, nje haitangulii ndani sana. Lakini usidhani Low haiwezi kupitiliza. Inaweza, saa 12 zitaivuruga hata bega zuri.

Dada yako wa Tanga yuko sahihi kwa mshikaki, si kwa hili. Papai bichi lina kimeng'enya kinachokata protini, na kinapenda joto la vuguvugu. Juu ya mkaa nyama inavuka uvuguvugu kwa dakika chache, kimeng'enya kinakufa, mambo yamekwisha. Ndani ya chungu cha umeme nyama inakaa vuguvugu kwa saa nzima na zaidi. Utakuta nje imekuwa uji, ndani bado. Mpe dada salamu, papai aliweke kwa ajili ya mkaa.

Hapa kwenye nyama iliyoganda nitakuwa mkali kidogo. Usirudie. Bakteria wanazaliana kwa kasi kati ya digrii 4 na 60, na chungu cha umeme kinapanda joto taratibu kwa makusudi. Ukianza na nyama iliyo barafu katikati, kipande kikubwa kinakaa saa nyingi ndani ya eneo hilo, na baadhi ya bakteria huacha sumu isiyoondolewa na kupika baadaye. Idara ya Kilimo ya Marekani inasema wazi nyama iyeyushwe kabla ya kuingia humo. Itoe kwenye friza siku mbili kabla, iyeyukie kwenye friji, juu ya sahani yenye ukingo. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie saa ya kuchelewesha kuwaka, ile ya kuiacha nyama mbichi ndani ya chungu kilichozimwa mpaka saa 5 asubuhi kijiwashe. Na umeme ukikatika ukiwa kazini, hujui ulikatika kwa muda gani, tupa chakula hicho hata kama kinaonekana kimeiva. Inauma, najua bei ya bega huko.

Sasa tupike, kwa ratiba yako. Usiku wa kuamkia, paka bega la ratili 3 vijiko viwili na nusu vya chai vya chumvi laini na pilipili manga ya kutosha, rudisha kwenye friji. Chumvi inaingia ndani usiku, tofauti utaionja. Kaanga vitunguu maji viwili vikubwa mpaka viwe vya kahawia, tia kitunguu saumu na vijiko viwili vya nyanya ya kopo nzito, kaanga mpaka rangi iive, weka kwenye bakuli, nayo friji. Katakata karoti na viazi. Viazi viache ndani ya maji. Usiweke chungu chenyewe cha udongo, kile cha ndani kinachotoka, kwenye friji na nyama ndani yake, kitaanza kazi kikiwa baridi na kuchelewesha kila kitu.

Alfajiri chini kabisa panga viazi na karoti. Hili linawashangaza wengi: katika chungu hiki mboga za mizizi huiva polepole kuliko nyama. Kipashio kiko chini na pembeni, vya juu vinapata mvuke tu. Tena nyanya na siki vina tindikali inayochelewesha viazi kulainika, hivyo usiwe mkarimu navyo. Viazi vikatwe vipande vikubwa vya kulingana, viwe chini, viguse mchuzi. Juu yake nyama, juu ya nyama vitunguu vyako, kikombe kimoja cha supu isiyo na chumvi, jani la mdalasini kama unalipenda. Funika, weka Low kwa saa 9, kisha kijihamishie chenyewe kwenye Warm, ile alama ya kukitunza chakula kisipoe. Ukirudi saa 10 jioni itakuwa imekaa hapo kama saa moja na nusu, hakuna ubaya. Chungu chako kama hakijihamishi, kuna plagi zenye saa za kuchomeka kwenye soketi, lakini hizo huzima kabisa na chakula kinapoa kikikungoja, kwa hiyo mimi nisingezitumia. Afadhali upike siku ya mapumziko.

Na kuikaanga nyama kwanza? Utasikia kwamba inafunga maji yasitoke. Wazo hilo lilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig katikati ya karne ya 19, na halina ukweli: nyama iliyokaangwa inatoa maji sawa na isiyokaangwa. Faida yake ni rangi na ladha, ambazo zinazaliwa uso wa nyama ukipata digrii 140 na kuendelea, joto ambalo chungu hiki hakilifikii maisha. Siku ya mama mkwe, kaanga pande zote kwenye kikaango chenye moto mkali, dakika 4 kila upande, asubuhi hiyo hiyo kabla ya kuitia. Usiikaange nusunusu usiku uliotangulia ukailaza kwenye friji ikiwa mbichi ndani. Siku ya kazi acha. Vitunguu vilivyokaangwa vitabeba sehemu ya mzigo, na ukirudi unaweza kuiweka nyama chini ya moto wa juu wa oveni kwa dakika 5 ishike rangi.

Utajuaje imeiva? Usalama wa nyama ya ng'ombe ya kipande kizima unapatikana kwenye digrii 63 na kuipumzisha dakika 3, lakini ulaini uko mbali zaidi, kwenye digrii 93 hadi 96, yaani kama 200 hadi 205 za Farenhaiti; chungu kikiishia chini kidogo ya hapo, muda mrefu ndio unaofidia. Kipimajoto cha nyama ni cha bei ndogo, nunua. Kama huna, choma uma katikati uuzungushe. Ukikataa kuzunguka, rudisha mfuniko, mpe saa moja tena. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa: wakiona bega gumu saa ya 6 wanadhani limeharibika, kumbe halijafika.

Ikishaiva iache ndani ya mchuzi wake dakika 20. Chota mafuta yaliyoelea juu. Mchuzi utauona mwepesi. Umimine kwenye sufuria, uchemshe bila mfuniko upungue, au uzitishe kwa kijiko cha wanga wa mahindi uliokorogwa kwa maji baridi. Onja chumvi hapo mwishoni. Kwa mama mkwe kata vipande kwa kuvuka mkondo wa nyuzi, usikate kuufuata, nyuzi ziwe fupi mdomoni. Wali, ugali au chapati za kuchovya, hapo mimi sina la kukufundisha.

Je, chungu cha umeme ndiyo njia bora? Kwa ladha peke yake, hapana. Sufuria nzito yenye mfuniko ndani ya oveni ya digrii 150 kwa saa 3 na nusu inatoa nyama yenye rangi na mchuzi uliokolea zaidi, kwa kuwa hewa kavu inaiunguza kidogo juu. Presha nayo inafika digrii 120 hivi, itakulainishia bega hilo kwa saa moja na robo, ingawa nyama inatoka imebanwa zaidi. Chungu cha umeme kinashinda kwa kitu kimoja: mtu anaweza kuondoka nyumbani. Kwa anayeamka alfajiri kama wewe, hicho ni kikubwa. Ila usije ukamtumia mtu wa nyumbani chungu cha Marekani. Kimetengenezwa kwa volti 120, na kwenye volti 230 kipashio kinavuta umeme karibu mara nne ya kawaida.

Maharage mekundu, sikiliza vizuri. Mashine hii asili yake ni maharage hasa: Irving Naxon wa Chicago alipata hataza yake mwaka 1940, kwa hadithi za mama yake aliyekulia Lithuania kuhusu mchuzi wa nyama na maharage uliolala kwenye tanuri la mwoka mikate mpaka Sabato ya Wayahudi, na jina la Crock-Pot likaja mwaka 1971 kampuni ya Rival ilipokuwa imeinunua biashara yake. Lakini maharage mekundu mabichi yana sumu iitwayo lektini, na joto la chini, kama digrii 80, halitoshi kuiharibu, linaweza hata kuiongezea nguvu. Punje chache tu zinatosha kumtapisha mtu ndani ya saa 3. Loweka saa 5 au zaidi, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya yakitokota dakika 30, ndipo yaingie kwenye chungu. Ya kopo yameshachemshwa, hayana neno.

Akitokea mtu kuumwa tumbo baada ya chakula, mengi hupita yenyewe kwa kunywa maji. Nenda kwa daktari ukiona damu kwenye choo, homa inayopita digrii 38.9, kutapika kiasi cha kushindwa kunywa, au kuharisha kunakozidi siku 3. Mtu wa umri wa mama mkwe wako asisubiri siku hizo, wala mjamzito, wala mtoto mdogo.

Swali la kama chungu ni kibovu siwezi kulijibu nikiwa mbali, ila wewe unaweza kulijibu siku moja ya mapumziko. Kijaze maji nusu, funika, weka Low saa 8 bila kufunua. Kisha funua na upime joto la maji papo hapo. Kikisoma kati ya digrii 85 na 93, yaani 185 hadi 200 za Farenhaiti, ni kizima. Kikipita hapo si hatari, kinaivisha haraka tu, punguza saa. Kikiwa chini ya 85 hakifai kwa nyama. Usimpe fundi, kirudishe dukani na risiti yake. Chungu cha udongo chenye ufa au waya uliochubuka, usipime kabisa. Na ukitaka mtu wa kukuangalia ana kwa ana, karibu kila kaunti huko ina ofisi ya ugani ya chuo kikuu cha jimbo, na kati ya kazi zake ni kushauri watu kuhusu usalama wa chakula cha nyumbani.